Nyongeza na Haki ya Mtunzi wa Pili: Michezo ya Video ya Uhusika kwa Mtazamo wa Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei mwaka 2002 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao The Elder Scrolls III: Morrowind. Mchezo huo ni wa jamii ya michezo ya uhusika: mchezaji huvaa uhusika wa mtu mmoja, huingia katika nchi ya kubuni yenye miji, mapango, vitabu na wakazi wake, kisha huenda apendako bila kulazimishwa kufuata njia moja. Pamoja na mchezo wenyewe, mnunuzi wa toleo la kompyuta alipewa kitu ambacho si kawaida ya mtunzi kumpa msomaji wake, nacho ni programu ya ujenzi. Kwa programu hiyo aliweza kuongeza nyumba katika mji, mtu katika nyumba, maneno katika kinywa cha mtu huyo, na hatimaye kisa kizima ambacho kampuni haikukitunga.

Waliopewa zana hiyo waliitumia. Baada ya Morrowind ulifuata Oblivion mwaka 2006, kisha Skyrim, uliotolewa tarehe 11 Novemba 2011 na kupata programu yake ya ujenzi mwezi Februari 2012. Katika michezo yote hiyo, na katika mfululizo wa Fallout unaotolewa na kampuni hiyohiyo, kazi za wachezaji zimekuwa nyingi mno kiasi kwamba mtu hawezi tena kuuzungumzia mchezo kana kwamba ni utungo wa mikono ya kampuni peke yake.

Mhadhara huu unachunguza hadhi ya kazi hizo. Hoja yake kuu ni kwamba anayeongeza juu ya utungo wa mwingine ni mtunzi kamili, ana haki zake na ana wajibu wake, na kwamba migogoro iliyozuka katika michezo ya video tangu mwaka 2015 imetokana na kukosekana kwa jina na mizani ya utunzi wa namna hii. Fasihi ya Kiswahili ina jina hilo na ina sehemu ya mizani hiyo, kwa kuwa imeishi na utunzi wa kuongeza kwa muda mrefu.

2.0 Suala la istilahi

Neno la Kiingereza linalotumiwa kwa kazi hizi ni ufupisho wa neno lenye maana ya badiliko. Linaweza kutoholewa kuwa modi, na huenda wachezaji wengi wakaridhika nalo. Hata hivyo, neno badiliko linapotosha. Kitu kikibadilishwa, kile kilichokuwapo mwanzo hakipo tena. Katika kazi hizi, kwa kawaida, kilichokuwapo kinabaki. Faili la mchezo wa asili haliguswi. Kinachofanyika ni kuweka faili jingine pembeni yake, na mchezo ukianza husoma yote mawili kwa pamoja. Faili la pili likiondolewa kabla ya safari mpya kuanza, mchezo hurudi kama ulivyotoka kwa watunzi wake.

Kwa sababu hiyo mhadhara huu unatumia neno nyongeza kwa kazi yenyewe, na mwongezaji kwa mtu anayeitunga. Chini ya neno hilo zinaingia aina kadhaa. Kuna viraka, ambavyo hutengeneza makosa yaliyoachwa na kampuni. Kuna mapambo, yanayobadili sura ya miti, maji na nyuso za watu. Kuna kanuni mpya, kwa mfano zinazomlazimu mchezaji kula, kulala na kuota moto asife kwa baridi. Kuna tafsiri. Na kuna masimulizi, yaani visa vipya vyenye wahusika, mazungumzo na mwisho wake, ambavyo ndivyo vinavyomhusu zaidi mwanafunzi wa fasihi.

3.0 Namna nyongeza inavyofanya kazi

Faili kuu la mchezo kama Skyrim linafanana na kamusi kubwa. Kila upanga, kila mlango, kila mtu na kila sentensi anayoitamka ni ingizo lenye namba yake. Namba hiyo ina tarakimu nane, na mbili za mwanzo hueleza ingizo lilizaliwa katika faili gani. Mwongezaji anapotaka kumpa mwenye duka maneno mapya, faili lake hubeba nakala ya ingizo la mwenye duka huyo ikiwa na mabadiliko. Ingizo hilo haliwi mali ya faili jipya. Linabaki na namba ya asili yake. Kwa hiyo, hata pale ambapo ingizo moja limepita katika mikono ya waongezaji watano, nasaba yake haipotei. Wanafunzi wa elimu ya Kiislamu wataona hapa kitu kinachokaribiana na isnadi: habari husafiri pamoja na mlolongo wa waliyoipokea.

Panapotokea waongezaji wawili kuligusa ingizo lilelile, hutumika kanuni moja, kwamba faili linalosomwa mwisho ndilo linaloshinda. Mmoja akiuzungushia mji ukuta na mwingine akajenga nyumba mahali palepale, mchezaji ataiona nyumba iliyomezwa na ukuta. Mpangilio wa mafaili unakuwa basi kazi ya kiuhariri. Mchezaji huamua nani atangulie na nani afuate, na pasipopatikana suluhu huandikwa kiraka cha tatu ambacho kazi yake ni kuwapatanisha wawili wa kwanza. Mafaili ya kawaida nayo hayawezi kuwekwa bila kikomo, kwa sababu zile tarakimu mbili za nasaba hutosha mafaili takriban 250 tu. Aina ndogo ya mafaili yanayogawana nafasi moja ilibuniwa baadaye ili kupunguza ufinyu huo.

Matokeo yake ni kwamba wachezaji wawili wanaosema wamecheza Skyrim huenda hawakucheza kitu kimoja. Hali hii haiwezi kumshangaza mtafiti wa miswada ya Kiswahili. Miswada ya Al-Inkishafi haikubaliani katika kila ubeti wala katika mpangilio wa beti, na toleo alilochapisha William Hichens mwaka 1939 ni matokeo ya uamuzi wa mhariri aliyechagua kati ya maandishi yaliyotofautiana. Yeyote anayelinukuu toleo hilo ananukuu pia maamuzi ya Hichens. Vivyo hivyo, makala inayochambua mchezo wenye nyongeza bila kuorodhesha nyongeza hizo na mpangilio wake haijasema inachambua matini gani.

4.0 Takhmisi kama kielelezo

Katika ushairi wa Kiswahili, utunzi wa kuongeza una bahari yake maalumu, nayo ni takhmisi. Jina limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya tano. Mshairi huchukua mishororo miwili ya mshairi aliyemtangulia, akaiwekea mitatu ya kwake mbele yake, ubeti ukatimia mitano. Mishororo mipya hailingani na ile ya zamani kwa bahati nasibu. Inalazimika kufuata mizani yake, kukubaliana na kina chake, na kulielekeza wazo mahali ambapo maneno ya mtangulizi yataonekana kuwa hitimisho la kawaida. Mfano unaojulikana zaidi ni Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambaye ndiye mtunzi wa Al-Inkishafi. Katika kila ubeti mitatu ya kwanza ni yake, na miwili ya mwisho hunasibishwa na Fumo Liyongo mwenyewe.

Mambo matatu katika takhmisi yanaangaza suala la nyongeza. Kwanza, mwongezaji hafichi kwamba anaongeza. Jina la mtangulizi limo katika jina la utungo, na umahiri wa wa pili hupimwa kwa namna alivyomtumikia wa kwanza. Pili, sharti la kufuata umbo la asili halikuzuia ubunifu; ndilo lililoupa kazi ya kufanya. Tatu, mwongezaji anaweza kuwa mhifadhi. Mishororo ya Liyongo imewafikia wasomaji wa leo ikiwa imebebwa ndani ya mishororo ya mtu aliyeishi karne nyingi baada yake.

Sifa hizo zinaonekana wazi katika nyongeza zilizo bora. Mchezo wa Morrowind ulionyesha kisiwa kimoja tu, Vvardenfell, ingawa vitabu vilivyomo ndani ya mchezo vinataja nchi nzima ya bara iliyo ng'ambo yake. Mwaka 2001, kabla hata mchezo haujatoka, kundi la watu wa kujitolea lilianzisha kazi iitwayo Tamriel Rebuilt, na baadaye likajifunga kuijenga nchi hiyo ya bara. Kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka 20, ikitolewa kipande baada ya kipande. Masharti yake ni ya kitakhmisi: mji mpya sharti ukubaliane na kila tetesi iliyokwisha kutajwa juu yake katika mchezo wa asili, ili mchezaji anayevuka maji asihisi kwamba ametoka katika utungo mmoja na kuingia katika mwingine.

Hata hivyo, kielelezo kina mipaka. Takhmisi hubeba mishororo yote mitano. Anayeinakili ananakili pia maneno ya mtangulizi. Nyongeza ya mchezo haibebi mchezo wa asili, kwa kuwa sheria hairuhusu kuugawa. Ni kana kwamba mshairi angenakili mishororo yake mitatu tu katika kila ubeti, akitumaini kwamba kila msomaji anayo tayari ile miwili nyumbani kwake. Isitoshe, Liyongo hakuwa hai kukubali wala kukataa. Kampuni ipo, ina mwanasheria, na mkataba wa programu yake ya ujenzi unamkataza mwongezaji kuuza kazi yake bila idhini.

5.0 Migogoro mitatu

5.1 Fedha

Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Swali lililowagawa waongezaji ni kwao ni wapi. Tarehe 23 Aprili 2015 kampuni ya Valve, kwa makubaliano na Bethesda, iliruhusu nyongeza za Skyrim kuuzwa katika duka lake la Steam. Mwongezaji alipangiwa asilimia 25 ya bei, na 75 zilizobaki zikagawanywa kati ya kampuni hizo mbili. Wachezaji wengi walipinga, na tarehe 27 Aprili, yaani siku nne tu baadaye, mpango ulifutwa na walionunua wakarudishiwa fedha zao.

Ni rahisi kulieleza tukio hilo kama ubahili wa wachezaji waliozoea vya bure, lakini maelezo hayo hayatoshi. Miongoni mwa nyongeza za kwanza kuuzwa ilikuwamo moja ya uvuvi wa samaki, ambayo iliondolewa haraka baada ya kuonekana kwamba inategemea kazi ya miondoko ya mwili iliyotungwa na mwongezaji mwingine, aliyeitoa bure. Hadi hapo waongezaji walikuwa wakiazimana kama majirani. Jina la aliyeazimwa lilitajwa, na hilo lilitosha. Bei ilipoingia, kila kilichoazimwa kiligeuka kuwa swali la umiliki, na hapakuwa na desturi ya kulijibu. Kilichokuwa kikitetewa na wengi wa waliopinga ni desturi ya kutajana, zaidi ya ubure wenyewe.

Tangu mwaka 2017 Bethesda imetumia njia nyingine ya malipo, ikianza kwa kuingia mikataba na waongezaji iliowateua. Njia hiyo imepunguza mzozo, lakini haikuligusa swali la waliotegemewa bila mkataba.

5.2 Haki ya kuondoa

Mgogoro wa pili ulihusu maktaba kuu ya nyongeza, Nexus Mods, ambayo chimbuko lake ni mwaka 2001. Kwa miaka mingi mwongezaji aliyechoka au kukasirika aliweza kuifuta kazi yake kabisa. Mwezi Julai 2021 maktaba hiyo ilitangaza kwamba faili likishapokelewa halitafutwa tena. Litawekwa kumbukumbuni lisionekane kwa mpitaji, lakini orodha za nyongeza zinazolitegemea ziendelee kulipata. Waongezaji walipewa takriban mwezi mmoja wa kuomba kazi zao zifutwe kabla ya kanuni kuanza, na baadhi yao waliondoka na kazi zao zote.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, kwa kuwa pande zote mbili zina haki. Aliyetunga bila malipo, kwa usiku wake na umeme wake, ana sababu ya kusema kwamba asichokiuza anaweza kukichukua. Lakini nyongeza ikikaa miaka kadhaa huota mizizi. Viraka huandikwa juu yake, visa vya watu wengine hupitia katika mji alioujenga, na akiing'oa anang'oa na vya wenzake. Mtu akiiondoa mishororo miwili ya mwisho katika kila ubeti wa takhmisi, ile mitatu iliyobaki haibaki ushairi; inabaki sentensi zinazoelekea mahali pasipokuwapo.

Kwa kufuata kielelezo hicho, mhadhara huu unashikilia kwamba mtunzi ana haki ya kudumu juu ya jina lake na juu ya kuuzwa kwa kazi yake, lakini utungo uliokwisha kuwa msingi wa tungo nyingine hauondoki kwa hiari ya mtu mmoja. Msimamo huo unawahusu waongezaji, na kwa uzito uleule unaihusu kampuni.

5.3 Wajibu wa mwenye asili

Mgogoro wa tatu unaonyesha kwa nini. Fallout: London ni nyongeza ya Fallout 4, yenye ukubwa wa mchezo kamili, inayokihamishia London kisa ambacho katika mfululizo huo kilizoea kutokea Marekani. Ilipangwa kutoka tarehe 23 Aprili 2024. Bethesda ikatangaza sasisho kubwa la Fallout 4 kwa tarehe 25 mwezi huohuo, sasisho ambalo lingevuruga misingi iliyotegemewa na kazi hiyo. Waongezaji waliahirisha, na kazi ilitoka tarehe 25 Julai 2024, ikimtaka mchezaji autumie mchezo katika hali yake ya kabla ya sasisho. Kampuni haikukiuka sheria yoyote, kwani mchezo ni wake. Lakini yaelekea kwamba aliyewakaribisha wengine wajenge juu ya msingi wake, na ambaye mchezo wake unaendelea kununuliwa kwa sababu ya walichojenga, ana wajibu wa kimaadili wa kutoutikisa msingi huo bila kuwapa muda na njia.

Wapo waongezaji waliojibu hali hiyo kwa kuhama. The Forgotten City ilitoka mwaka 2015 kama nyongeza ya Skyrim, na mwaka 2016 ikapata tuzo ya chama cha waandishi cha Australia. Mtunzi wake alikichukua kisa hicho, akakivua kila kilichokuwa mali ya Bethesda, akakipeleka katika mji wa Kirumi wa kale, na mwaka 2021 kikatoka kama mchezo unaojitegemea. Mishororo mitatu ilitafutiwa miwili mipya. Si kila nyongeza inaweza kufanyiwa hivyo, lakini mfano huo unathibitisha kwamba utunzi ulikuwamo ndani ya nyongeza tangu mwanzo.

6.0 Kiswahili kama nyongeza

Kiswahili hakimo katika lugha rasmi za mfululizo wa The Elder Scrolls wala wa Fallout. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipohusika na utoaji wa Jambo OpenOffice, leseni ya programu ile iliruhusu yeyote kuifasiri. Michezo hii haina leseni ya namna hiyo. Anayetaka kuifasiri kwa Kiswahili hana mlango ila wa nyongeza. Maswali yote yaliyokwisha kujadiliwa, yaani ya jina, ya utegemezi na ya kudumu kwa kazi, ni maswali ya mfasiri huyo pia.

Juu yake kuna swali la sarufi. Katika Fallout 4 jina la silaha halikuandikwa lote mahali pamoja. Mchezo huliunda kutokana na sehemu ambazo mchezaji amezifunga, ukichukua neno la sifa na kuliambatanisha na jina. Kwa Kiingereza neno moja la sifa linatosha silaha zote. Kwa Kiswahili silaha yenye uzito ni bunduki nzito, rungu zito, kisu kizito au upanga mzito, na mchezo haujui ngeli. Mfasiri anayebadilisha maneno peke yake atazalisha makosa kila mchezaji anapobadilisha silaha. Atalazimika ama kutafuta maneno yasiyochukua viambishi, kama vile imara na hafifu, ama kuingia katika kanuni zinazounda majina na kuvigawa vitu kwa ngeli zake.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, lakini ina faida kubwa zaidi, kwa sababu inamfanya mfasiri aifundishe mashine upatanisho wa kisarufi. Kazi hiyo ikifanywa mara moja na kuachwa wazi kwa wengine, kila mfasiri atakayefuata ataanzia pale mwenzake alipoishia. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mahali pa kuutumia ujuzi wao wa mofolojia wana uwanja hapo.

7.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba nyongeza haibadilishi utungo wa asili bali hujiambatanisha nao. Kwamba nasaba ya kila kipande huhifadhiwa. Na kwamba migogoro ya mwaka 2015, 2021 na 2024 ilizuka pale ambapo fedha, ufutaji na masasisho vilivuka mipaka ambayo desturi ilikuwa bado haijaichora. Takhmisi haitoi sheria za kumaliza migogoro hiyo. Inachotoa ni ushahidi kwamba jamii inaweza kumtambua mtunzi wa pili kwa heshima kamili bila kumpunguzia wa kwanza chochote.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, watafiti wanaochambua michezo hii waorodheshe nyongeza na mpangilio wake, kama mhariri anavyoorodhesha miswada aliyoitumia, na wawataje waongezaji kama watunzi. Pili, vyuo vinavyohifadhi miswada vifikirie kuhifadhi nyongeza pia, pamoja na toleo la mchezo linaloziwezesha kusomeka, kwa kuwa nyongeza iliyotenganishwa na asili yake haisomeki. Wale walionakili takhmisi walihakikisha mishororo yote mitano inakaa pamoja katika ukurasa mmoja, na kwa sababu hiyo ingali inasomwa.